Jirani wa Upande wa Pili wa Waya

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 haukuweza kupatana na njia nzima kwa mara moja. Hapakuwa na mtu wa kukaa pwani akapokea malipo, akatoa ruhusa ya kupita mpaka Ujiji. Kila mtemi mwenye kisima, kivuko au pori lake alidai hongo, yaani ushuru wa njia, na hongo hiyo ilijadiliwa hapo hapo kwake, kwa merikani, kaniki, shanga na waya za shaba zilizoitwa masango. Ugogo ndiko kulikoogopwa zaidi, kwa sababu maji yalikuwa haba na wenyewe walijua thamani yake. Na kilichokubaliwa Ugogo hakikuwa na uzito wowote Unyamwezi. Kiongozi wa msafara alifika kwa mtemi mwingine, akafungua mizigo, mazungumzo yakaanza upya. Wapelelezi Burton na Speke walitoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba. Ugonjwa ulikula siku nyingi, kutoroka kwa wapagazi kukala nyingine, na majadiliano ya hongo yakala sehemu yake.

Njia ile haikufa. Wajerumani walileta reli ya kati, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2009 ukaanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za faiba zinazoendeshwa na TTCL, na Tabora ikawa moja ya miji iliyounganishwa. Julai ya mwaka huo huo kebo ya bahari ya SEACOM ilifika Dar es Salaam, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, karibu kila kitu kilichotoka nchini kwenda nje kilipanda satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa.

Karani anayetuma faili kutoka ofisi ya Isevya, mjini Tabora, leo anaweza kudhani kwamba kompyuta yake inaongea na Dar es Salaam. Haiongei nayo. Katika ngazi ya chini kabisa, kompyuta yake inaongea na swichi iliyo kwenye kona ya chumba, basi. Swichi inaongea na ruta. Ruta inaongea na kifaa kilicho ukutani au juu ya mnara. Kila waya una ncha mbili, kila ncha ina chipu yake, na chipu hizo mbili lazima zipatane masharti kabla herufi moja haijavuka. Mapatano ya waya wa kwanza hayana habari na ya waya wa pili. Sura hii inahusu chipu hizo, na hasa namna kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinavyozisimamia, kwa kuwa Linux ndiyo iliyo ndani ya ruta nyingi, redio nyingi za minarani na seva nyingi tunazozitegemea.

Nyuma ya kila tundu la Etheneti kuna sehemu mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza huitwa MAC. Hiyo hupanga biti kuwa fremu, huandika anwani na kukagua kama fremu imefika bila kuharibika. Inashughulika na namba tupu. Ya pili ni PHY, mafundi hutamka fai, nayo inashughulika na umeme wenyewe: kugeuza namba kuwa mabadiliko ya volti kwenye jozi za waya, kusikiliza mabadiliko yanayotoka upande wa pili yakiwa yamedhoofika na kuchafuliwa na kelele, kisha kuyageuza kuwa namba tena. Katika vifaa vidogo sehemu hizi mbili huweza kukaa ndani ya chipu moja. Katika bodi nyingi za ruta ni chipu mbili zilizotengenezwa na kampuni tofauti, katika nchi tofauti, na watu ambao hawajawahi kuonana. Hapo ndipo kazi ya kiini inapoanza kuwa ngumu.

Etheneti ilipobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs pale Xerox PARC mwaka 1973, hapakuwa na la kujadiliana. Waya ulikuwa mmoja mnene, kasi moja, wote wakidokoa nafasi ya kusema. Mambo yalibadilika pale jozi za waya zilizosokotwa zilipoingia, na zaidi mwaka 1995, kiwango cha megabiti 100 kilipopitishwa. Sasa tundu moja liliweza kukutana na mwenzake wa megabiti 10 au wa 100, wa nusu dupleksi, yaani kusema na kusikia kwa zamu, au wa dupleksi kamili, yaani yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuna mtu wa kusimama katikati kuamua. Ndipo yakaja mapatano ya kujiendesha.

Chomeka kebo. Kabla ya fremu yoyote, kila PHY inaanza kupiga waya kwa mafungu ya mapigo, fungu moja kila baada ya milisekunde 16 hivi. Ndani ya fungu kuna mapigo 17 hadi 33. Kumi na saba ni ya kushika mwendo tu. Mengine, yakiwepo au yakikosekana, hutengeneza neno la biti 16. Neno hilo ni orodha ya uwezo: naweza 10, naweza 100, naweza dupleksi kamili. Jirani akilisikia neno lile lile mara kadhaa bila kubadilika, anajibu kwamba amelipokea. Kisha kila upande unalinganisha orodha yake na ya mwenzake na kuchukua lililo bora kati ya yale yanayofanana. Kwa kuwa pande zote zinafuata jedwali moja la vipaumbele, zinafikia jibu moja bila kuulizana tena. Ni kazi safi sana, na mimi naiona kuwa moja ya mambo yaliyobuniwa kwa hekima kubwa katika historia ya mitandao.

Lakini kiini cha Linux hakiyasikii mapigo hayo. Kiko mbali nayo. Kinachoweza kufanya ni kuuliza, na njia yake ya kuuliza ni waya mbili nyembamba zilizo kwenye bodi, moja ya saa na moja ya data, ziitwazo MDIO. Ni njia ya mwendo wa pole. Kiwango asilia kiliruhusu megahezi 2.5 tu. Njia moja inahudumia PHY zisizozidi 32, na katika mpango wake wa kwanza kila PHY ina rejista 32, kila rejista biti 16. Rejista ya 0 ni ya kupokea amri. Ya 1 ni ya hali. Ya 2 na ya 3 hubeba kitambulisho cha mtengenezaji na aina ya chipu. Ya 4 ndiyo orodha tunayomtangazia jirani, na ya 5 ni ile jirani aliyotutangazia.

Tuisome rejista ya 1, maana fundi akiielewa hii moja ameshapata nusu ya kazi. Chukua tundu la gigabiti lililochomekwa vizuri. Namba inayorudi, kwa hesabu ya msingi wa 16, mara nyingi ni 796d. Chomoa kebo, soma tena: 7949. Ukiziandika namba hizo kwa biti utaona zimeachana mahali pawili tu. Biti ya 5, inayosema mapatano yamekamilika, na biti ya 2, inayosema kiungo kipo, zimeshuka. Biti nyingine zote zilizo juu hazikutikisika, kwa sababu zinaeleza chipu inaweza nini, na uwezo haubadiliki kwa kuchomoa waya. Sasa chukua hali ya tatu: namba inayorudi ni ffff. Hiyo haina maana kwamba kila kitu ni kizuri. Waya wa data wa MDIO hushikiliwa juu na kizuizi kidogo cha umeme, kwa hiyo asipokuwepo wa kujibu, kila biti husomeka kuwa moja. PHY imekufa, au haijapewa umeme, au haijaachiwa kutoka kwenye hali ya kuanzishwa upya, au unaita anwani isiyo yake. Kiini kinapoamka hukagua rejista za vitambulisho, na kikikuta zimejaa moja tupu kinaamua kwamba katika anwani hiyo hakuna mtu, kinaendelea na nyingine.

Kuna hila ndogo katika biti ya 2 ambayo imewasumbua waandishi wa programu kwa muda mrefu. Ikishuka, inabaki chini mpaka isomwe. Kiungo kikikatika kwa sehemu ndogo ya sekunde saa nane mchana kisha kikarudi, biti hiyo itaendelea kusema kimekatika hadi mtu aje kuisoma, na ni usomaji unaofuata ndio utakaoonyesha hali ya sasa. Viendeshi vingi, yaani programu zinazosimamia vifaa, vilikuwa vinaisoma mara mbili mfululizo na kuitupa namba ya kwanza. Kwa kufanya hivyo vilitupa habari ya kukatika kwenyewe, habari ambayo fundi aliihitaji kuliko zote. Kiini cha sasa kina busara zaidi: kinapochunguza kwa kuuliza mara kwa mara, hakisomi mara mbili isipokuwa kama tayari kilijua kiungo kiko chini. Hivyo kukatika kwa kupepesa macho hakupotei, na kunaingia kwenye kumbukumbu.

Utaratibu huu haukuwepo tangu mwanzo. Miaka ya 1990, Donald Becker, akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA, aliandika viendeshi vingi vya kadi za mtandao vilivyoifanya Linux iwe na maana kwenye mitandao, pamoja na programu ya mii-diag ya kusoma rejista hizi. Lakini kila kiendeshi kilibeba ujuzi wake wa PHY ndani yake. Chipu ile ile ikitumika kwenye bodi tano, ujuzi wake uliandikwa mara tano, na kosa lake lilirekebishwa mara moja au mbili tu. Mwaka 2005 Andy Fleming wa Freescale alileta maktaba inayoitwa phylib. Wazo lake lilikuwa kwamba PHY ni kifaa kamili, kina haki ya kuwa na kiendeshi chake, na MDIO ni njia kamili ambayo vifaa hukaa juu yake. Kiendeshi cha MAC kinaomba kuunganishwa na PHY fulani. Maktaba inafanya mazungumzo. Mambo yakibadilika inamwita mwenye MAC na kumpa matokeo.

Matokeo hayo ni ya lazima, kwa sababu MAC haikuwepo kwenye mapatano. Haikusikia mapigo. Ikiwa PHY imepatana na jirani kwa megabiti 100 na MAC inaendelea kusukuma biti kwa mwendo wa 1000, hakuna kitakachovuka. Ndiyo maana phylib ina mashine ya hali: PHY iko chini, iko tayari, inaamshwa, haina kiungo, inafanya kazi, imesimamishwa. Kama bodi imeunganisha waya wa ukatizi, PHY yenyewe inakigutusha kiini jambo linapotokea. Kama haikuunganisha, na bodi nyingi za bei nafuu haziunganishi, kiini kinauliza kila sekunde moja, usiku na mchana, kwa miaka yote kifaa kinapokuwa hai.

Na chipu ambayo kiini hakiitambui? Inapewa kiendeshi cha jumla kinachojua zile rejista za kiwango tu. Mara nyingi inatosha.

Sasa tuje kwenye mapatano yanayovunjika, maana hapo ndipo watu wa Tabora, Nzega na Urambo wanapokutana na jambo hili bila kujua jina lake.

Ugonjwa wa kwanza ni wa zamani na bado uko nasi. Fundi fulani, kwa nia njema, ameamua kwamba mapatano ya kujiendesha hayaaminiki, akafunga upande wa ruta kwenye megabiti 100 dupleksi kamili na kuzima mapatano. Upande wa swichi uko kama ulivyotoka kiwandani. Swichi inapiga mafungu yake, hairudishiwi neno lolote. Inachoona ni umeme wa aina ya megabiti 100, kwa hiyo kasi inaijua. Dupleksi haiwezi kuijua, kwa sababu dupleksi haionekani kwenye umbo la umeme, hutangazwa kwa neno tu. Kiwango kinaiagiza ichukue nusu. Sasa ruta inasema wakati wowote inapotaka, na swichi kila ikisikia mwenzake anasema wakati nayo inasema, inahesabu mgongano, inanyamaza, inaitupa fremu. Taa zote mbili zinawaka kijani.

"Fundi, taa inawaka lakini kazi haziendi."

"Haziendi kabisa, mama, au zinakwenda ndogo ndogo?"

"Ujumbe mfupi unakwenda. Hii ripoti ya mwezi ndiyo imegoma tangu asubuhi."

Swali la fundi huyo lina thamani ya kozi nzima. Pakiti ndogo ya kupima hupita kwa sababu wakati huo waya ni mtupu na hakuna wa kugongana naye. Faili kubwa linahitaji pande zote mbili kusema kwa wingi, mmoja ukituma na mwingine ukithibitisha, na hapo migongano inapanda. Mtoa huduma analaumiwa, Mkongo unalaumiwa, mvua inalaumiwa. Kosa liko kwenye waya wa mita tatu ndani ya chumba. Amri ya ethtool kwenye Linux inaonyesha kasi na dupleksi iliyopo, inaonyesha tulichotangaza, na inaonyesha alichotangaza jirani. Mahali pa jirani pakiwa patupu huku kiungo kikiwa hai, mshuku huyo mwenye mpangilio uliofungwa kwa mkono. Dawa ni kuacha pande zote mbili zipatane, au kuzifunga zote mbili sawasawa. Upande mmoja peke yake ndio unaoua.

Ugonjwa wa pili ulikuja na gigabiti. Etheneti ya megabiti 100 hutumia jozi mbili za waya kati ya nne zilizo kwenye kebo. Ya megabiti 1000, iliyopitishwa mwaka 1999, inazihitaji zote nne kwa pamoja. Lakini mapigo ya mapatano bado yanapita kwenye jozi mbili zile zile za zamani. Angalia kinachotokea kebo ikiwa imebanwa na bawaba ya mlango, au panya wa darini wameitafuna, na jozi ya nne imekatika. PHY mbili zinasalimiana vizuri kabisa kwenye jozi nzima. Kila moja inasema naweza 1000. Zinakubaliana 1000. Kisha zinajaribu kutimiza ahadi kwenye jozi nne, zinashindwa, kiungo kinaanguka. Zinasalimiana tena, zinaahidi tena. Mzunguko huo unaweza kuendelea siku nzima, na taa inawaka na kuzimika kwa mpigo wa kukatisha tamaa. Chipu nyingi siku hizi zina uwezo wa kujishusha: baada ya majaribio kadhaa PHY inaacha kutangaza 1000 na kukubali 100. Kiini kikigundua kwamba kasi iliyopatanwa si kasi inayotumika, kinaandika onyo kwenye kumbukumbu zake na kushauri kebo ikaguliwe. Kasi iliyoshuka ghafla kutoka 1000 hadi 100 bila mtu kugusa mpangilio si jambo la kulizoea. Ni kebo inayoomba kubadilishwa.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao mtumiaji wa kawaida hatakutana nao, lakini kijana yeyote wa mjini Tabora anayetaka kujenga ruta yake kwa bodi ndogo ya Linux atakutana nao, na nataka aujue mapema. Uko kati ya MAC na PHY, ndani ya bodi yenyewe, kabla hata hatujafika kwenye kebo. Njia moja maarufu ya kuziunganisha inaitwa RGMII. Kwa kasi ya gigabiti, saa yake ni megahezi 125, yaani mzunguko wa nanosekunde 8, na data hubadilika kila saa inapopanda na kila inaposhuka. Ili upande unaopokea usisome data ikiwa katikati ya kubadilika, saa lazima icheleweshwe kwa takribani nanosekunde 2. Swali ni nani aicheleweshe. Mchora bodi anaweza kuirefusha njia ya shaba ya saa. MAC inaweza kuchelewesha. PHY inaweza kuchelewesha. Wakifanya wawili, ucheleweshaji unakuwa 4 na data inaharibika. Asipofanya yeyote, inaharibika vilevile. Matokeo yake yanatia uchungu: PHY imepatana na jirani, kiungo kiko hai, namba ya 796d ipo, na hakuna hata fremu moja inayofika nzima.

Kiini kinategemea faili la maelezo ya bodi liseme ukweli kuhusu jambo hili. Kwa miaka mingi baadhi ya bodi zilikuwa na maelezo ya uongo yaliyofanya kazi kwa bahati, kwa sababu kiendeshi cha PHY nacho kilikuwa na kosa lililofuta kosa la kwanza. Kati ya mwaka 2019 na 2020 viendeshi vya chipu za Atheros na Realtek viliposahihishwa ili vitii maelezo, bodi kadhaa zilizokuwa zikifanya kazi zilipoteza mtandao mara tu zilipopata kiini kipya. Wenye viendeshi walikuwa sahihi. Wenye bodi walikuwa na haki ya kulalamika. Ilibidi maelezo ya bodi yarekebishwe, moja baada ya nyingine.

Halafu kuna radi. Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili, na ofisi nyingi za pembezoni hupata mtandao kwa redio iliyofungwa juu ya mnara, ikishushiwa kebo ya shaba ya makumi ya mita mpaka ndani. Kati ya kebo na PHY huwekwa transfoma ndogo, na kiwango kinataka utenganisho huo uhimili volti 1500. Radi ikipiga karibu, umeme unaoingia kwenye kebo ndefu unaweza kuvuka kiasi hicho kwa mbali. Chipu inayopigwa haifi namna moja. Wakati mwingine inakufa kabisa na rejista zinarudisha ffff. Mara nyingine inabaki nusu hai: upande wa MDIO unajibu kwa adabu, vitambulisho vinasomeka, lakini upande wa waya umeungua na biti ya 2 haitapanda tena hata uweke kebo mpya ya namna gani. Fundi asiyesoma rejista atabadilisha kebo mara tatu, atapanda mnara kwenye matope, ataupoteza mchana mzima. Anayezisoma atajua kabla hajavaa mkanda wa kupandia kwamba tundu la ndani ndilo lililokufa, na kwamba tundu jingine la ruta ile ile linaweza kuiokoa ofisi leo leo.

Kwa kebo yenyewe kuna chombo ambacho nadhani kinatumika kidogo mno kuliko kinavyostahili. PHY nyingi za kisasa zinaweza kupiga pigo moja kwenye kila jozi na kusikiliza mwangwi. Waya uliokatika unarudisha mwangwi wa upande uleule wa volti, waya uliogusana unaurudisha umegeuzwa. Umeme kwenye kebo husafiri takribani sentimita 20 kwa nanosekunde, kwa hiyo mkatiko ulio mita 30 kutoka kwenye tundu hurudisha mwangwi baada ya nanosekunde 300. Zamani uwezo huu ulifichwa kwenye rejista za kila mtengenezaji na kutumiwa na wachache wenye vitabu vyake. Mwaka 2020 Andrew Lunn aliuingiza kwenye kiini kwa njia moja inayofanana kwa chipu zote, kuanzia toleo la 5.8, na ethtool ikaongezewa amri ya kupima kebo. Inajibu kwa kila jozi: nzima, imekatika, imegusana, na umbali wake kwa mita. Kwa mnara wa mita 40, kujua kwamba mkatiko uko mita 3 kutoka chini ni tofauti kati ya kazi ya dakika kumi na kazi ya nusu siku.

Shaba inaishia kwenye mita 100. Kutoka hapo kwenda Nzega au Kigoma ni faiba, na faiba imekiletea kiini aina nyingine ya jirani. Katika swichi na ruta nyingi, faiba inaingia kwenye moduli ndogo ya kuchomoa inayoitwa SFP. Moduli hiyo haina rejista za MDIO za kawaida. Ina kumbukumbu ndogo inayosomwa kwa waya mbili za aina nyingine, ikieleza ni nani aliyeitengeneza, inatumia mwanga wa rangi gani, na ni ya umbali gani. Tena inaweza kuchomolewa wakati kifaa kinafanya kazi na kuwekwa nyingine ya kasi tofauti, hata ya shaba. Phylib ilijengwa ikidhani PHY imebandikwa kwenye bodi na haiondoki. Russell King aliandika safu mpya, phylink, iliyoingia kwenye kiini mwaka 2017, inayokubali kwamba kilicho upande wa pili wa MAC kinaweza kubadilika wakati wowote: leo moduli ya faiba, kesho ya shaba yenye PHY ndani yake, keshokutwa kiungo kisichobadilika kinachokwenda moja kwa moja kwenye chipu ya swichi. Maktaba ya PHY imekuwa na Lunn na Heiner Kallweit kama wenye dhamana, King akiwa mkaguzi.

Moduli nyingi za SFP hueleza pia afya zao: joto, volti, mkondo wa leza, nguvu ya mwanga unaotoka na nguvu ya mwanga unaoingia. Ethtool inazisoma zote. Namba ya kuiangalia ni ya mwanga unaoingia, inayohesabiwa kwa desibeli za miliwati. Kila desibeli 3 zinazopungua ni nusu ya mwanga iliyopotea. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jekundu linaloingia kila mahali, na punje moja kwenye ncha ya faiba, yenye njia ya mwanga ya mikromita 9 tu, inatosha kuiangusha namba hiyo. Kiungo bado kiko hai, kinapoteza fremu hapa na pale, na wote wanashangaa. Namba ikifika hasi 40, hakuna mwanga kabisa.

Hata hivyo kila nilichokitaja kinasomwa kwenye ncha moja. Kiini cha Tabora kinajua mwanga unaoingia Tabora. Hakijui mwanga wake umefika Nzega ukiwa na nguvu gani. Rejista ya hali ina biti moja, ya 4, ambayo jirani anaweza kuitumia kusema kwamba upande wake una hitilafu, lakini inasema hivyo tu, bila kueleza. Kwa hiyo kiungo kinachosumbua kinahitaji watu wawili kwenye simu, kila mmoja mbele ya ncha yake, wasomeane: mwanga unaotoka kwako, mwanga unaoingia kwangu, ulichotangaza wewe, nilichopokea mimi, makosa yaliyohesabiwa kwako kwa saa moja, yaliyohesabiwa kwangu kwa saa hiyo hiyo. Ukitoa namba ya mwanga unaoingia kutoka kwenye ule unaotoka, unapata upotevu wa njia nzima kwa upande huo. Fanya tena kwa upande wa kurudi. Kama upotevu wa kwenda na wa kurudi unatofautiana sana, safisha ncha za uzi ulio mbaya kwanza, upime upya, ndipo uagize gari la kwenda kufukua kebo.